Masanduku Saba

Saa tatu na robo asubuhi, Punta Arenas.
Upepo umeshika kona ya jengo unaitikisa
kama mdai aliyechoka kuambiwa kesho.
Barabarani wamefunga kamba, wapitao wazishike.
Ghorofani, juu ya duka la fundi viatu,
ni mimi, Nolfa Barría, na seva nne zinazonguruma,
na kikaratasi cha Don Ulises, kalamu nyekundu:
*Matulich. Miezi mitatu. Simamisha leo.*

Sikuuliza. Mwenye duka ndiye mwenye kufuli.
Mfumo hukupa njia mbili:
kukataa kila barua na kuirudisha kwa aliyeituma,
au kuipokea, ila msomaji abaki nje.
Nikachagua ya pili, nikajiona mwema.
Nikabonyeza. Majina saba yakageuka kijivu:

mauzo. Karakana. Ankara.
Mihovil, ambaye ndiye baba.
Jure, asiyewahi kubadilisha nywila.
Mwanagenzi, kijana anayenoa vile vya kunyolea kondoo.
Na danica, ambayo haijatuma neno mwaka wa nne huu,
lakini kila Jumapili jioni
hupokea barua moja.

Kusimamisha si kufuta. Ndivyo tunavyowaambia wateja.
Nyumba ipo, taa imezimwa,
na mleta barua hana habari, anasukuma tu chini ya mlango.
Sizisomi. Naona tarehe, uzito, na saa.
Kumi na nne. Thelathini na mbili. Mia na tisa.
Septemba imebisha hodi, kondoo wanasubiri mkasi,
mashamba yanauliza mashine zao,
yanauliza tena,
na ukimya unaowajibu nimeutengeneza mimi
kwa kidole kimoja, kabla chai haijapoa.

Jumapili nilichungulia nikiwa nyumbani.
Masanduku sita yalikuwa yamepanda.
La danica halikupanda.
Nikakaa na simu mkononi.
Kumbe mwandishi wa Jumapili
nilimfungia humo humo, pamoja na wengine.

Jumanne akapanda ngazi, kofia kaifunga kwa uzi wa kitani.
Nilijiandaa kwa kelele. Hakupiga kelele.
"Binti, mashine zenu zimekufa?"
"Hazijafa, Don Mihovil. Ni deni. Tulituma maonyo matatu."
"Mliyatuma wapi?"

Nikatazama kioo.
La kwanza na la pili: ankara.
La tatu: ankara, dakika kumi baada ya kufunga,
barua ya kumwambia mtu mlango umefungwa,
imewekwa ndani ya mlango huo.

"Ankara alikuwa akiifungua Danica," akasema,
na lile *alikuwa* likakaa mezani baina yetu
hadi fundi viatu kule chini alipoacha kugonga.

Akahesabu noti. Zilinuka grisi.
Risiti akaikunja mara nne.
"Sita, fungua. Ya Danica iache ilivyo."
"Niifute?"
"Nani kasema ufute?
Ipokee. Asiifungue mtu. Isirudi."

Fomu yetu haina kisanduku cha ombi hilo.
Pana *hai*, pana *imesimamishwa*, pana *imefutwa*;
hali ya nne hakuna aliyeifikiria.
Nikaandika amri kwa mkono, mstari mmoja,
na pembeni nikaacha maelezo kwa atakayerithi kiti hiki:
usiguse, imelipiwa.

Don Ulises alipouliza kwa nini siku hizi
onyo la mwisho nalipeleka kwa simu, na gharama zapanda,
nilimwambia upepo unapoteza barua.
Akacheka. Hakuniamini, wala hakunikataza.

Leo Jumapili. Kamba za barabarani zinapiga mluzi.
Saa moja na dakika saba jioni:
danica, mpya moja.
Kilobaiti nne.