Chini ya Msuli

Daktari Nibras alinipangia mezani
vidude vya jeli, vinatetema kama faluda.
Mia mbili sabini na tano. Mia tatu. Mia tatu na hamsini.
"Bonyeza," akasema, "havipasuki."
Nikabonyeza kama mtu anayechagua parachichi
na mwenye duka anamtazama.

Halafu maswali. La mviringo au la tone?
Juu ya msuli au chini ya msuli?

Nikacheka peke yangu. Yeye Muiraki, hakujua:
kwetu msuli ni nguo ya baba,
ule wa mistari ya samawati aliolala nao,
aliosafiri nao, aliovuliwa siku ya kuoshwa.
Chini ya msuli! Bibi angesema:
mwanangu, huko hakuulizwi.

Akanichora kwa kalamu ya zambarau,
akapima upana, kumi na mbili na nusu.
"Huchagui wewe, zinachagua mbavu zako.
Ukizidisha, ngozi itakuja kudai."
Juu, nitapona upesi, ila mimi mwembamba,
ukingo utaonekana kama sahani chini ya kitambaa cha meza.
Chini, litatulia, litajificha,
lakini wiki sita nisinyanyue
kitu kizito kuliko birika.

Muuguzi Binsi akanisindikiza hadi mlangoni, akanong'ona:
"Pima mchele nyumbani. Tia kwenye soksi. Shinda nao."

Jikoni kwangu, Mabela, saa tano, lami nje inayeyuka,
nimeshika jagi la vipimo na gunia la basmati.
Mia tatu: nusu kibaba na vijipunje.
Nikaongeza, nikapunguza, nikaongeza,
nikafunga fundo soksi mpya za shule za Almuatasim,
nikazitia sidiriani, nikavaa abaya juu yake.

Kwenye kioo alisimama mwanamke
niliyewahi kumjua kabla ya watoto watatu.
Maziwa yaliondoka, maziwa yakabaki,
matupu kama pochi siku ya pili ya Idi.
Sitaki ya msichana wa miaka ishirini.
Nataka nikijifunga kanga nisigeukie ukutani.
Hilali nilimuuliza, akasema, "Ujuavyo wewe."
Usiku, taa imezimwa, akauliza bei.

Saa saba nikaenda kumtoa mama kitandani
nimweke kwenye kiti cha magurudumu, kama kila siku:
mikono yake shingoni mwangu, moja, mbili, bismillahi.
Kifua kwa kifua. Mchele ukalia krr kati yetu.
Macho yake hayaoni tena, lakini pua!
"Ghaniya, umebeba nini? Unanukia ghala."

Sikujibu. Nilikuwa nimesimama na uzito wake wote,
na msuli, huu wa nyama, si wa baba,
ulikaza huko chini, kushoto na kulia,
ukanijulisha kwamba miaka minne hii
ni wenyewe uliokuwa unambeba.
Binsi hakusema lolote kuhusu hilo.
Wiki sita. Nani?

Thuwaiba yuko Sohar. Ana kazi. Ana mgongo.
Ana sababu nyingine ambazo hazisemi,
na mimi sijawahi kumwomba kitu
ambacho ni cha kwangu tu.

Nikamkalisha mama. Nikageuka, nikafungua vifundo,
nikamimina mchele wote kwenye ungo, mapajani mwake.
Basmati wa dukani hauna mawe,
lakini vidole vyake haviamini maduka.
Vikapita, vikarudi, vikatenga chuya moja
ambayo hata mimi mwenye macho sikuiona.

"Kiasi gani huu?"
"Mia tatu, mara mbili."
"Mia tatu nini?" Akaupima kwa kiganja, akaguna.
"Hautoshi. Ongeza kidogo. Watoto wako nyumbani leo."

Nikaongeza. Kidogo.
Kisha nikajifuta mikono, nikachukua simu,
na ilipoita Sohar mara ya tatu
nilijikuta nimesimama wima, kifua mbele,
kama mtu anayepimwa nguo.