Mara ya Mia Mbili na Kumi na Tatu

Tuliujaribu mkono wa chuma mara mia mbili na kumi na mbili.
Mara mia mbili na tisa ulifunga kamba za viatu.
Zile tatu nilizinakili kwa penseli,
na penseli, alisema bosi, ina raba upande wa pili.

Daejeon, Novemba, ukumbi unanuka zulia jipya.
Mimi nyuma ya pazia, kompyuta magotini,
kidole juu ya kitufe chenye kibandiko cha kijani:
ukikibonyeza, skrini kubwa inaonyesha filamu ya juzi,
mkono ukifunga bila kosa, na watu hawatajua.
"Ni mwavuli tu," aliniambia Mkurugenzi Pyo.
"Hatuombi mvua."

Akatoka jukwaani,
akausifu mkono kama mshenga anavyomsifu bwana harusi:
hauchoki, haununi, hautetemeki.
Kisha akamkaribisha kitini mzee Cheon Man-ho,
fundi saa wa Gunsan, miaka arobaini
akishika skrubu ndogo kuliko chawa,
ambaye siku hizi kikombe cha chai
humfikia mdomoni kimebaki nusu.

Viatu alipewa pale pale na watu wa matangazo.
Vyeupe. Kamba nyeupe. Soksi nyeupe. Sakafu nyeupe.
Taa nazo zikamwaga mchana juu ya mchana.
Sisi tuliufundisha mkono kwa kamba nyeusi.
Nani angekumbuka?
Mimi ningekumbuka. Nilikuwa nahesabu waya.

Mkono ukashuka. Ukasita.
Ukapapasa hewa kama mgeni anayetafuta swichi
katika nyumba asiyoizoea.
Ukagusa pindo la suruali, ukaomba radhi
kwa ile sauti tuliyoilipia fedha nyingi,
ukaona kitu cheusi kando ya kiatu,
waya wa kipaza sauti, mwembamba, umejilalia zake,
ukauokota.

Lo, fundo lile!
Vitanzi viwili sawasawa, masikio ya sungura,
karakana nzima haijapata kuona zuri kama lile:
waya wa kipaza sauti na mguu wa kiti.

Pyo akapiga hatua,
kipaza kikamchomoka kifuani kama jino.

Wahenga walisema siku ya kufa nyani miti yote huteleza.
Wetu uliteleza mmoja,
na sisi ndio tuliopiga msasa.

Bila sauti, mdomo wazi kama samaki wa mnadani,
akanigeukia: kijani, kijani!
Nikabonyeza.

Ukutani, mkono wenye urefu wa basi
ukafunga kiatu cheusi kwa utulivu wa malaika,
na juu ya kiatu, soksi ya njano yenye tundu kwenye kifundo.
Soksi yangu. Watu mia nane wakiitazama.
Chini yake, kiatu cheupe cha mzee, kamba zimelala.
Kicheko hakikuja mara moja.
Kilianza mstari wa nyuma kabisa, kikashuka ngazi
kama mtu aliyechelewa, akiomba apishwe.

Cheon hakucheka. Aliinama.
Vidole vikatetema juu ya fundo,
vikakosa, vikarudi, vikakosa.
Nilihesabu, ndiyo kazi yangu: dakika nne na sekunde kumi.
Kicheko kilikufa katika ile ya kwanza.
Hakuna aliyethubutu kumsaidia.
Lilipofunguka, akauinua waya kwenye mwanga,
akafumba jicho moja, kama wapimavyo springi.
"Limefungwa vizuri," alisema.
"Ila si mahali pake."

"Karibu tena," ukajibu mkono, kwa adabu.

Usiku, tukipakia masanduku, Pyo hakuniuliza neno.
Nikafungua daftari. Mara ya 213.
Fundo: zuri.
Mahali: sipo.
Penseli ilikuwa tayari mkononi.
Nikaenda kuazima kalamu ya wino kwa mlinzi.