Mnyambuliko wa Jina la Baba

Insha ya thelathini na moja, saa nne usiku,
taa imeanza kutoa moshi,
na mtoto wa Kidato cha Pili ameandika:
"Mjomba aliapa atalipa karo. Siku ilipofika akatuinbwaga."

Kalamu nyekundu ikasimama.

Kitenzi hicho najua kilikozaliwa.
Kilizaliwa Malinya, Jumamosi, uwanjani,
isukuti zikiwa zimeipasua asubuhi vipande viwili,
baba mbele, ngozi ya mbega begani, filimbi mdomoni,
na nyuma yake fahali wetu, Ripoti,
aliyelishwa molasi wiki tatu na kusifiwa nne.
Imbwaga! watu walipaza. Imbwaga!
Nani asiyemjua, kutoka Khayega hadi Shinyalu?
Fahali wake walikuwa wamewabwaga wenzao mara kumi na saba,
na jina lenyewe, lisikilize, lina kubwaga tumboni.

Ripoti alimtazama mpinzani.
Akapumua.
Akageuka polepole, kama mtu aliyesahau ufunguo nyumbani,
akavuka uwanja, akavuka barabara,
akaanza kula viazi vya Mama Ambeyi,
majani tu, bila pupa.

Sijasikia tena kicheko cha ukubwa ule.

Jumatatu sokoni mwanamke alimwambia muuza omena:
"Juzi ulisema utanipunguzia. Leo usiniimbwage."
Kufikia Krismasi kitenzi kilikuwa na ukoo mzima:
bibi harusi aliimbwagwa mbele ya padri,
diwani akawaimbwaga watu wa ng'ambo ya mto, na daraja lao,
injini ya kinu cha posho ikaimbwagika gunia likiwa nusu,
mashemeji wakaimbwagana matangani, kila mmoja na ng'ombe wake wa mdomo.
Hakuna mwalimu aliyekifundisha.
Kilivaa viambishi kama mtoto avaavyo sare ya kaka yake.

Chuoni, mhadhiri alisema
lugha huzaliwa vinywani mwa watu.
Niliandika hivyo daftarini.
Sikusema ni vinywa vya akina nani.

Baba mwenyewe hajakitamka hata siku moja.
Sasa masikio yamekuwa mazito;
vijana wa bodaboda wakisema, "Huyo naye ameimbwaga,"
yeye hugeuka, mkono sikioni,
na kuitika: "Naam?"

Lakini mimi ndiye niliyemkatia Ripoti majani.
Alfajiri ile niliona goti la kushoto,
limevimba kama papai.
Nilimwona baba akilipapasa, kimya, kwa muda mrefu,
huku wapiga ngoma wakifika mlangoni mmoja mmoja
na haiwezekani tena kuwaambia warudi.
Na pale Malinya, chini ya kelele zote,
niliisikia filimbi:
mbili fupi, moja ndefu.
Hiyo si ya vita.
Hiyo ni ya jioni, ya kumwambia ng'ombe
twende nyumbani.

Ripoti aliishi miaka tisa zaidi.
Alikufa amelala, akitafuna.

Siku wenye kamusi watakapokuja kuniuliza maana,
sijui nitawapa ipi.

Sasa huyu mtoto, na mjomba wake, na karo.
Simkati alama kwa neno.
Nafuta n, naweka m,
na pembeni, kwa mwandiko wangu mdogo kabisa:
Kabla ya b huandikwa m.
Angalia. Ni jina la mtu.