Nililitaja Gunia

Siku ile Mtwara mjini, kwenye yadi ya magari
iliyopakana na duka la mbolea,
nililitaja gunia kabla sijaitaja bei.
Nikasema: nataka pikapu ya korosho,
gunia kumi na tano kwa safari,
kutoka Kitangari hadi maghala ya Newala,
na njiani kuna kilima.
Kilima nilikisema mara mbili.
Bwana Ngalomba akacheka, akalipiga boneti kofi:
"Mama, hii ni mpya, ziro kilomita.
Hii itapanda hata ukuta."

Nikamlipa misimu minne.
Ule wa minada iliyochelewa,
ule wa salfa ya mkopo,
ule wa mvua iliyowahi ikaozesha,
na ule wa mwisho Chilumba akiwa hai,
akihesabu kilo kwa vidole vilivyoungua utomvu.
Viti vilikuja vimevaa nailoni.
Sikuivua. Nilitaka upya ukae.

Siku ya tisa, kilima kile kile,
giaboksi ikasaga kama jino.
Gunia saba tu!
Tukashuka, mimi na Likwena,
tukaliwekea mawe nyuma ya matairi,
gari jipya, mawe, kama mkokoteni wa chumvi.

Fundi wa Newala aliifungua, akanusa oili,
akanimiminia kiganjani unga unaometa.
"Hiki ni chuma, dada. Hujaiharibu wewe.
Ilikuja nayo."

Wakaitengeneza. Ikafa.
Wakaitengeneza. Ikafa.
Mara ya tatu hawakuleta spana, walileta karatasi ya waranti.
Nikavaa miwani ya kununua mnadani,
nikasoma vizuri, nikafurahi,
mpaka nikakutana na neno *isipokuwa*.
Isipokuwa giaboksi. Isipokuwa klachi.
Isipokuwa gari likitumika barabara ya vumbi.
Jamani, huku kwetu uwandani
vumbi hatulipiti, tunalivuta.

Asnati, binti wa kaka yangu, ni karani wa mahakama.
Alimenya embe bichi akinieleza, bila haraka:
kuna sheria ya mauziano, shangazi,
kongwe kuliko gari lolote barabarani.
Mnunuzi akimwambia muuzaji kazi ya kitu,
akauamini ujuzi wake,
basi kitu kiifae kazi hiyo,
hata kama hakuna aliyeandika.
Ahadi hiyo imelala ndani ya bei.
Akalamba chumvi. "Swali ni moja.
Ulimwambia?"

Nilimwambia.
"Nani alisikia?"

Usiku huo niliirudia ile yadi kichwani,
hatua kwa hatua, kama mtu aliyeangusha pete.
Duka la mbolea. Bendera za plastiki.
Na nyuma ya lori jeupe, maji yakichuruzika,
kijana mwenye ndoo.

Anaitwa Mchopa. Tulimkuta Mikindani anauza vocha.
Alikuja mahakamani na shati la kuazima,
mikono ya shati imempita vidole.
Wakili wa Ngalomba akamuuliza:
wateja mia walipita pale,
wewe wa mama huyu umemkumbukaje?
Mchopa akafikiri.
"Wote huuliza redio," akasema.
"Hakuna aliyewahi kuuliza kilima."

Nilimwona hakimu akiandika.
Sijui aliandika nini.

Kesi imeahirishwa mara mbili,
na korosho haijui kuahirishwa.
Mwaka huu nimebeba kwa trekta la kukodi,
nusu ya faida imebaki kwenye dizeli ya mtu.
Pikapu ipo uani.
Kuku ametaga kwenye kiti cha dereva,
juu ya nailoni, mayai sita,
na sijamfukuza; angalau kuna anayeifaidi.

Nyinyi mnaoshuka Mtwara na pesa za mnada,
risiti chukueni, waranti someni mpaka kwenye isipokuwa.
Lakini kabla ya bei, litajeni gunia.
Litajeni kwa sauti,
mpaka muosha magari aweke ndoo chini
ageuke kuwatazama.