Toleo la Arobaini na Moja

Jumanne ya kwanza ya mwezi
lori la magazeti lilipanda kutoka Duluth,
nami nilikuwa nimeshatoroka kipindi cha mwisho,
nimesimama katika duka la dawa la Bwana Lahti, Eveleth,
kati ya dawa za kikohozi na kadi za rambirambi,
naizungusha rafu ya waya inayolia kwii, kwii,
hadi Bwana Lahti aseme, bila kuinua macho:
"Kaarina, itie mafuta au ununue kitu."

Nilinunua. Senti hamsini, baadaye sitini,
maana hata anga za mbali hupandisha bei.
Mlinda-Obiti: mwanamke mmoja, deraya ya shaba,
moyo wake betri iliyookotwa kwenye kifusi cha mwezi,
na kila anapoipita kasi ya nuru
husahau jina la mtu mmoja aliyempenda.
Rangi zilikuwa vidoti. Ukizisogelea, upele;
ukizitenga na macho, mawio juu ya Zohali.
Subira huvuta heri, wanasema.
Yangu ilivuta siku thelathini, pengine thelathini na moja,
ndiyo maana niliipenda Februari.

Reino alikuwa na miaka sita.
Nilimsomea chini ya blanketi kwa tochi,
nikitoa sauti zote, hata ya injini,
hata ya kimya cha anga, ambayo ni kubana pumzi.
Neno la mwisho alilisoma yeye,
neno refu la kwanza maishani mwake:
ITAENDELEA.

Toleo la arobaini liliishia hivi:
Mlinda-Obiti anatumbukia ndani ya jua,
mkono wa kushoto unayeyuka.
ITAENDELEA.

Mwezi ule mgodi ulifungwa.
Baba alirudi mchana kweupe,
akaweka kisanduku chake cha chakula juu ya friji
na hakikushuka mpaka kiangazi.
Senti sitini zikawa maziwa.
Nilipokwenda dukani kusoma nimesimama,
nakala mbili zilizokuja zilikuwa zimekwenda
kwa watoto wa daktari wa meno.

Usiku Reino alikuwa tayari, tochi mkononi.
"Kisha?"

Nikachukua katalogi ya mbegu,
nikaigeuzia tochi usoni mwangu, mbali na ukurasa,
nikamsomea.
Ndani ya jua, nilisema, kuna chumba chenye baridi.
Humo wanakaa wote aliowasahau,
kwenye meza ndefu, wanamenya viazi.
Kila mmoja akamtajia jina lake,
naye akakanyaga jina juu ya jina, kama vipago,
akapanda mpaka nje.
"Na mkono?"
Mkono aliuacha mezani,
ili wajue kwamba atarudi.

Katika la arobaini na mbili alikuwa chomboni,
mkono wa chuma, hakuna aliyeeleza neno.
Reino hakuuliza. Yeye alikwishajua.

Juzi, miaka thelathini na minane baadaye,
ukumbi wa kanisa huko St. Paul, mali za marehemu zikiuzwa,
nililiona ndani ya mfuko wa plastiki. Dola nne.
Nikalisoma garini, theluji ikifuta kioo.
Mchoraji mwingine, mwenye haraka:
ukurasa wa tisa mtu ana vidole sita.
Jua, kumbe, lilikuwa ndoto.
Mkono ulikatwa na mlango.
Mlango!
Halafu kurasa mbili za tangazo la vifaru vya plastiki.

Jumapili, jikoni kwa Reino,
fundi wa kuchomelea sasa, kidevu kimeota mvi,
anamwambia bintiye Signe, kisu hakipumziki:
"Ndani ya jua kuna chumba chenye baridi…"
"Umeyasoma wapi hayo?"
"Toleo la arobaini na moja. Shangazi yako alikuwa nalo."

Nilikuwa nalo. Mkobani, chini ya koti langu,
hatua tatu kutoka mezani.
Signe akanigeukia, macho ya baba yake wa zamani:
"Kisha?"

Nikachukua kiazi kingine.