Kisigino cha Mama

Kidevu juu ya chuma baridi, paji limegusa ukanda.
"Usipepese, Bi Tumpale," daktari akasema,
na kwenye skrini ikatokea retina ya mama:
mkaa ulioshika moto chini ya jivu,
mishipa imetawanyika kama vijito vya Kiwira
kwenye ramani ya darasa la sita.
Nilitaka kuangalia pembeni.

Nje, kwenye benchi, matone yamezitanua mboni zake,
Loleza yote imekuwa ukungu. Akaniuliza:
"Wewe unayesomea mambo haya. Ulisema
kila kipande cha mwili kina kitabu kile kile, kizima.
Mbona kisigino changu hakioni?"

Nikacheka. Kisha nikanyamaza,
maana ndilo swali lenyewe.

Nikamkumbusha daftari la duka letu pale Isyonje,
la mbegu, la madeni, la michango ya misiba,
alivyobana kurasa kwa pini za nywele
ili Gwakisa, akiachiwa duka, asome bei ya viazi tu,
asijue nani anadaiwa.
Kurasa hazikuchanwa. Zilibanwa.

Pini ya mwilini ni ndogo mno, mama:
kaboni moja, hidrojeni tatu.
Methili. Inang'ang'ania herufi moja tu
na ukurasa unakosa msomaji.
Kisiginoni, ukurasa wa rodopsini umebanwa.
Kwenye ini, umebanwa. Kwenye ulimi.
Hata ndani ya jicho, kwa seli jirani, ukuta kwa ukuta,
umebanwa.
Ila kwenye seli-fito, zile za kuonea gizani,
pini zilichomolewa kabla hujaijua nuru yoyote,
na ukurasa uko wazi mpaka leo,
unasomwa, unasomwa,
kutengeneza kile kinachonasa mwanga.

(Mwalimu wetu husema pini si habari yote.
Sikumwambia hilo. Foleni ya dawa ilikuwa inasogea.)

"Basi wazichomoe za kisiginoni," akasema,
"sukari ikiyamaliza macho, nibaki na akiba."
Nilimwambia si rahisi hivyo.
"Najua si rahisi. Nimesema wazichomoe."

Tuliposhuka Isyonje baridi ya Juni ilikuwa imeshakaa.
Akavua kiatu pembeni mwa shamba,
akakanyaga tuta, akasimama kidogo.
"Bado wiki mbili," akasema,
na mboni zake pana, nyeusi,
hazikuuona hata mkono niliokuwa nimemnyooshea.