Uzi wa Sunniva

Ramani imeimeza meza, hata siagi haina pa kukaa.
Sunniva anaipima pwani kwa uzi wa sufu,
kila hori, kila rasi,
polepole kama anayeshona kidonda.
"Vivuko sita," asema. "Na handaki moja
wasikoruhusu baiskeli."
Torleiv anapapasa goti lake la chuma,
anauliza upepo wa Juni hutokea wapi.
"Kusini. Ukiwa na bahati."
Nje theluji ingali imekaba mlango;
ghalani baiskeli zimening'inia, matairi yamesinyaa.

Uzi unaisha kabla ya Bodø.
Sunniva anautazama,
kisha anafumua pindo la sweta la mumewe,
nalo lingali mwilini,
anavuta.
Torleiv anainua mkono kumrahisishia kazi.
Zimebaki sentimita nne
kulifikia jua lisilolala.